Akaunti yenye tarehe ya mwisho: kuwapokea watumiaji wa mbali kwenye kompyuta za kituo cha utafiti

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kompyuta za pamoja za kituo cha utafiti: klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) ya nodi, yaani mashine, ishirini au mia mbili, seva ya kuchakata picha za darubini, mashine zenye GPU (vichakataji vya ukokotoaji mzito) ambazo kila kikundi kinazigombania. Watumiaji wako wengi hamkai jengo moja. Kuna wanaoingia kutoka chuo cha nchi nyingine, kuna wanaoingia usiku wakiwa nyumbani, na kuna ambao utawajua kwa jina la akaunti tu mpaka mradi uishe. Kazi yako ni kuwafikisha kwenye data yao bila taabu, na wakati huohuo uweze kusema saa yoyote nani yumo ndani, kwa idhini ya nani, na ataondoka lini.

Hilo la kuondoka ndilo tunalolisahau. Mei 2020 vituo kadhaa vya kompyuta kubwa barani Ulaya vilifunga milango ya nje karibu wakati mmoja: ARCHER ya Edinburgh, klasta za Baden-Württemberg na za Jülich huko Ujerumani, CSCS ya Uswisi. Hakuna aliyevunja usimbaji wa SSH, ile njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Wavamizi walikuwa na akaunti na funguo za watumiaji halali, wakaruka nazo kituo hadi kituo, na kwingine wakaziacha mashine zikichimba sarafu za kidijitali. Mtafiti mwenye akaunti vituo vitatu mara nyingi hutumia ufunguo uleule kote. Ukiibwa huo, vimeibiwa vituo vitatu. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinazunguka jambo moja: kila ruhusa unayoitoa iwe na mwenyewe na iwe na siku ya kufa.

Mifano ya amri ni ya Linux na OpenSSH, na upande wa foleni ni ya Slurm, programu inayopanga kazi za watumiaji kwenye klasta, kwa kuwa ndivyo utakavyovikuta kwenye vituo vingi. Majina yabadili yafanane na ya kwako.

Hatua ya 1: Fomu kwanza, akaunti baadaye

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa klasta anahitaji jembe lake siku ya kwanza, yaani mradi. Usifungue akaunti kwa barua pepe ya mistari miwili inayosema "tafadhali mwongezee mwenzetu". Uwe na fomu fupi inayouliza mambo matano tu: jina kamili, barua pepe ya taasisi (ile ya bure ya mtandaoni haitoshi, maana haitazimwa atakapoacha kazi), mradi, mtafiti mkuu anayemdhamini, na tarehe ya mwisho. Mtafiti mkuu aidhinishe mwenyewe kwa maandishi.

Tarehe iingie kwenye mfumo papo hapo, isibaki kwenye fomu:

```
sudo useradd -m -e 2027-06-30 -G mradi_hewa,watumiaji_klasta mtafiti07
sudo chage -l mtafiti07
```

Amri ya pili inakuonyesha kama tarehe imeshika. Kwa klasta yenye mashine nyingi usifanye hivi mashine moja moja; weka watumiaji kwenye saraka kuu kama LDAP au FreeIPA ili akaunti ifunguliwe mahali pamoja na ifungwe mahali pamoja.

Mambo mawili ambayo sikubali hata nikibembelezwa. La kwanza ni akaunti ya kikundi, ile ambayo watu sita wanaijua nywila yake. Siku faili likifutwa, kila mmoja atasema si yeye, na wote watakuwa wakweli kwa kadiri ya logi zako. La pili ni kurudia namba ya mtumiaji, ile UID. Faili kwenye diski halimjui mtu kwa jina, linamjua kwa namba. Ukimpa mgeni mpya namba ya aliyeondoka, umempa na mafaili yote ya yule wa zamani yaliyosahaulika kwenye hifadhi, na hakuna mfumo utakaokuonya.

Kama taasisi yako imejiunga na shirikisho la utambulisho linalounganishwa na eduGAIN, mtandao unaounganisha mashirikisho kama hayo ya nchi mbalimbali, litumie. Mgeni anathibitishwa na chuo chake, na chuo kikimwondoa naye hawezi tena kupita kwenye ukurasa wako wa kuingilia. Angalia tu kwamba hilo haligusi ufunguo wa SSH uliokwisha kuuweka kwenye seva. Ufunguo huo unaendelea kuishi mpaka wewe mwenyewe uuondoe.

Hatua ya 2: Mlango mmoja

Watu wote wa nje wapitie seva moja ya lango. Nodi za kukokotoa zisionekane kabisa kutoka intaneti, na faiawoli ikubali SSH kwenda kwenye lango peke yake, pamoja na seva ya kuhamishia data kama unayo. Kwenye `sshd_config` ya lango weka hivi:

```
PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication yes
AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive
AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u
AllowGroups watumiaji_klasta
```

Mstari wa `AuthenticationMethods` unadai ufunguo kwanza, kisha msimbo wa mara moja kutoka simu. Mstari wa `AuthorizedKeysFile` unazihamisha funguo kutoka nyumbani kwa mtumiaji kwenda kwenye saraka ya root, akaunti ya msimamizi yenye mamlaka yote. Faili lenyewe liwe mali ya root lakini lisomeke na wote, la sivyo sshd, programu ya SSH upande wa seva, itashindwa kulisoma. Mabadiliko hayo madogo yanazima desturi moja mbaya sana: mtumiaji kumwongezea rafiki yake ufunguo kwenye akaunti yake bila wewe kujua.

Kabla ya kuwasha upya huduma, endesha `sudo sshd -t` ikague kama umekosea herufi. Kisha acha kikao kimoja cha SSH wazi, washa upya, na ujaribu kuingia kwa dirisha jingine. Usikifunge kile cha kwanza mpaka cha pili kikubali. Seva ikiwa mbali nawe, kikao hicho kimoja ndicho kamba yako ya kurudia.

Watumiaji wape maelezo ya kuruka lango bila kuacha chochote juu yake:

```
Host lango
    HostName lango.kituo.example
    User mtafiti07

Host klasta
    HostName kuingilia01
    User mtafiti07
    ProxyJump lango
```

Wakiandika `ssh klasta`, wanapita moja kwa moja. `ProxyJump` imo kwenye OpenSSH tangu toleo la 7.3 la mwaka 2016, kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea na `ssh -A`. Hiyo ya pili inalipatia lango uwezo wa kutumia ufunguo wa mtu wakati ameunganishwa, na mvamizi aliyekwisha kuwa root kwenye lango atautumia kwenda kila mahali unapofungua.

Halafu kuna ile alama ya kidole ya seva, mfuatano wa herufi unaoitambulisha. Mtu akiingia mara ya kwanza, SSH humwonyesha mstari unaoanza na `SHA256:` na kumuuliza kama anaendelea. Karibu kila mtu huandika "yes" bila kusoma, na hatuwezi kuwalaumu kama hatukuwahi kuwapa cha kulinganisha. Toa alama hiyo kwenye seva yenyewe:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Ibandike kwenye barua ya makaribisho. Mwambie mgeni alinganishe herufi kwa herufi.

Kuhusu kuhamisha SSH kutoka mlango namba 22 kwenda namba nyingine: inapunguza kelele kwenye logi, na faida yake inaishia hapo.

Hatua ya 3: Funguo, na zile zinazojifia zenyewe

Mwelekeze mtumiaji atengeneze ufunguo kwenye kompyuta yake mwenyewe:

```
ssh-keygen -t ed25519
```

Atakapoulizwa nywila ya kuulinda, aiweke. Kisha akutumie faili lenye mwisho wa `.pub` na si lingine. Kuna siku mtu atakutumia lile la siri, kwa nia njema kabisa. Mwambie kwa upole kwamba ufunguo huo umeshakufa, atengeneze mwingine. Usikubali kusema "basi tuutumie tu, nitafuta barua pepe". Hujui barua ile imepita wapi.

Tatizo ni kwamba seva haina njia ya kujua kama mtumiaji aliweka nywila kwenye ufunguo wake. Ufunguo usio na nywila, uliolala kwenye kompyuta ndogo ya mwanafunzi, ni karatasi yenye namba ya siri iliyoandikwa juu ya kadi ya benki. Msimbo wa simu unatusaidia hapa: tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, zinazotokana na siri ya pamoja na saa. Kwa hiyo saa za seva zako ziwe sahihi. Ukianza kupata malalamiko ya watu wengi kwamba "msimbo unakataa", kabla hujamgusa mtumiaji hata mmoja angalia `chronyc tracking`.

Kama una nafasi ya kwenda mbele zaidi, nenda kwenye vyeti vya SSH. OpenSSH inavikubali tangu 2010 na bado vituo vingi havijavigusa. Badala ya kusambaza funguo za watu kwenye seva, seva inaamini ufunguo mmoja wa mamlaka yako kupitia `TrustedUserCAKeys`. Mtumiaji akishajithibitisha, unamsainia ufunguo wake kwa muda mfupi:

```
ssh-keygen -s mamlaka -I mtafiti07 -n mtafiti07 -V +12h id_ed25519.pub
```

Baada ya saa 12 cheti hicho hakina kazi. Mwizi akikipata kesho, amepata takataka. Watu watalalamika wiki ya kwanza kwa sababu wanajithibitisha kila asubuhi, na wengine watakuomba siku 30. Shikilia siku moja ya kazi. Ila linda huo ufunguo wa mamlaka kuliko kitu kingine chochote kwenye kituo. Usiuweke kwenye lango lenyewe.

Sasa, vifaa. Darubini inayotuma picha saa nane usiku haina simu ya kusomea msimbo. Hapa ndipo wasimamizi wengi hufungua tundu kubwa, kwa kuipa darubini akaunti kamili yenye ufunguo usio na nywila. Ipe ufunguo unaojua kufanya kitu kimoja tu. Mstari wake kwenye faili la funguo unaweza kuwa hivi:

```
restrict,from="10.20.0.15",command="/usr/bin/rrsync -wo /data/darubini" ssh-ed25519 AAAA...
```

Ufunguo huo unakubalika kutoka anwani moja, hauwezi kufungua terminali, na unaweza kuandika tu ndani ya saraka moja. Msamehe msimbo kwa akaunti hiyo peke yake, mwishoni mwa `sshd_config`:

```
Match User darubini
    AuthenticationMethods publickey
```

Na darubini nayo iwe na mdhamini aliyeandikwa kwenye fomu. Kifaa kikihamishwa au kikiuzwa, lazima pawe na mtu wa kupigiwa simu.

Hatua ya 4: Wakishaingia, nani anatumia nini

Nodi ya kuingilia, ile mashine wanayoifikia baada ya lango, ni sebule ya wote. Mtu mmoja akianzisha ukokotoaji mzito pale, wenzake arobaini wanashindwa hata kufungua faili. Usitegemee tangazo, weka mipaka kwenye `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-mipaka.conf`:

```
[Slice]
CPUQuota=200%
MemoryMax=8G
```

Kila mtumiaji anabaki na viini viwili na gigabaiti 8, basi. Kazi nzito iende kwenye foleni. Kwenye nodi za kukokotoa weka `pam_slurm_adopt`, ili mtu aweze kuingia kwa SSH kwenye nodi ile tu ambako ana kazi inayoendelea.

Kwenye Slurm, mipaka unaiweka kwa `sacctmgr`, mathalani:

```
sudo sacctmgr modify user where name=mtafiti07 set MaxSubmitJobs=200
```

Nimeona watu wakiweka mipaka hii kwa uangalifu, kisha wanashangaa hakuna kinachozuiwa. Sababu ni `AccountingStorageEnforce=limits` kutokuwepo kwenye `slurm.conf`. Bila mstari huo Slurm inayaandika uliyoyasema na kuyapuuza.

Upande wa data, saraka ya mradi iwe ya kikundi, `chmod 2770`, ili faili jipya lirithi kikundi cha mradi na watu wa nje wasione kitu. Weka mgao wa diski tangu mwanzo. Kumpunguzia mtu nafasi aliyokwisha kuizoea ni ugomvi usio na sababu.

Hatua ya 5: Soma logi kama mhasibu

Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, hesabu za matumizi ya kompyuta zilipungua senti 75. Mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia mifumo, Clifford Stoll, aliambiwa atafute zimekwenda wapi. Alikuta mtu anaingia kwa mbali kwa akaunti zisizo zake, na ufuatiliaji huo ukaishia kwa mdukuzi wa Hannover aliyekuwa akiuza habari kwa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana data inayoitwa xz. Wote wawili walikuwa wanajua siku ya kawaida inafananaje.

Kwa hiyo jenga mazoea ya kuijua yako. Peleka logi za lango kwenye mashine nyingine, maana mvamizi mwenye root huanza kwa kufuta nyayo. Mara moja kwa wiki, kwa saa moja tulivu, pitia haya:

- Nani ameingia kwa mara ya kwanza baada ya kimya cha miezi mitatu? `lastlog` na `last` zitakuambia.
- Ufunguo gani umetumika? Kila sshd inapomkubali mtu kwa ufunguo, huandika alama ya ufunguo huo kwenye logi. Alama moja ikionekana kwenye akaunti mbili, piga simu.
- Kazi za nani zimekula saa nyingi za GPU kuliko mradi wake unavyoeleza? `sacct`, kumbukumbu ya kazi za Slurm, ndiyo senti 75 zako.

Ukikuta la ajabu, zungumza na mwenye akaunti kabla ya kumzimia, labda yuko kwenye mkutano ugenini. Piga simu, ukimwandikia barua pepe, anaweza kukujibu yule aliyeiiba.

Hatua ya 6: Kufunga

Hapa ndipo penye kosa ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Mtu ameondoka, msimamizi anaandika `passwd -l mtafiti07`, anaweka tiki kwenye orodha, anakwenda nyumbani. Amri hiyo inafunga nywila peke yake. Mwenye ufunguo wa SSH anaendelea kuingia kama jana. Kwenye kituo kimoja nilikofanya kazi tulikuta ufunguo wa mwanafunzi wa uzamivu bado unafungua, miezi saba tangu akaunti yake iandikwe "imefungwa". Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anachukua grafu zake za tasnifu. Lakini tulikuwa tumeuambia uongozi kwa maandishi kwamba hana ufikiaji.

Fuata mpangilio huu:

```
sudo usermod --expiredate 1 mtafiti07
sudo mv /etc/ssh/funguo/mtafiti07 /root/funguo_zilizofungwa/
sudo scancel -u mtafiti07
sudo crontab -l -u mtafiti07
sudo loginctl terminate-user mtafiti07
```

Mstari wa kwanza unakomesha akaunti yenyewe, na hapo hata ufunguo unakataliwa. Wa mwisho ni muhimu kuliko unavyoonekana: akaunti kuisha hakumtoi aliyekwisha ingia, na kikao cha tmux, programu inayoacha kazi ikiendelea hata muunganisho ukikatika, kinaweza kukaa wazi wiki nzima. Rudia amri hiyo kwenye kila nodi ya kuingilia. Yaliyoonekana kwenye crontab, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba, yahifadhi, kisha yaondoe. Kama una JupyterHub (ya kuendeshea daftari za Jupyter) au Globus (ya kuhamishia data), kuna tokeni na saraka zilizoshirikishwa nje. Hizo hazijui lolote kuhusu `usermod` na zinafutwa kwenye mfumo wake.

Data isifutwe siku hiyo. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho mwandikie mtafiti na mdhamini wake, waulize mafaili yanakwenda kwa nani, kisha badilisha umiliki. Akaunti iache kwenye saraka kuu ikiwa imefungwa, ili namba yake isipewe mtu mwingine.

Na kila baada ya miezi mitatu, mtumie kila mtafiti mkuu orodha ya watu wake, majina na tarehe, ukiuliza swali moja: huyu bado yupo? Asiyetajwa ndani ya siku 14 akaunti yake inasimamishwa. Watakaosahau kujibu watakupigia siku ya 15 wakiwa na hasira. Warejeshee ndani ya dakika chache, kwa adabu, na uache utaratibu uendelee.

Hatua ya 7: Siku ikifika

Andika leo, kwenye karatasi, nani ana mamlaka ya kukata lango bila kuomba ruhusa kwa mtu mwingine, na namba yake ya simu. ARCHER walipovamiwa, funguo na nywila zote za zamani zilibatilishwa, na watumiaji wakatakiwa kuanza upya. Jiulize kama ungeweza kufanya hivyo: una anwani za watumiaji wote nje ya klasta yenyewe? Unaweza kutoa funguo mpya mia tatu bila kuwathibitisha watu kwa barua pepe ambazo huenda nazo zimeibwa? Ukishaona uvamizi, kata mtandao wa nje lakini usizime mashine wala kuisakinisha upya kabla hujachukua nakala ya diski na logi. Waarifu vituo vingine ambako watumiaji wako wana akaunti, siku hiyohiyo, hata kama bado hujajua yote. Vituo vya 2020 vilivyopata habari mapema vilifunga milango vikiwa bado na la kuokoa.